Mkono Baada ya Majina

Mimi mianzo siijui.
Miaka sita nafagia Ukumbi Namba Tatu,
Trois-Rivières, nyuma ya kinu cha karatasi,
na kila filamu naiingilia mkiani:
stelingi keshashinda, mji umeshaungua,
watu wawili wanabusiana juu ya vifusi,
nami mlangoni, ufagio na mfuko wa taka,
nangoja majina yapite.

Yanapanda kama mvuke wa sufuria:
wapishi, madereva, washona kofia,
mtu wa kutunza mbwa,
mtu wa kumtunza mtu wa mbwa.
Zamani watu walitoka hapo, makoti begani.
Siku hizi hawatoki. Wamefunzwa.
Wanakaa na ndoo tupu za bisi mapajani,
maana aliyewahi kuondoka mapema
alikuja kusimuliwa na shemeji yake,
na hilo halisameheki.

Ndipo giza. Ndipo barafu.
Ndipo mkono unachomoza kutoka chini ya barafu,
wa kijivu, mtupu, kidole cha mwisho kimepinda nje,
unakunja ngumi polepole.
Basi. Taa.

Vijana wa chuo wanapiga mayowe: Ni yeye! Ni yeye!
Yeye nani?
Maxence wa kwenye mashine anasema
hata wenye filamu hawakujua.
Mwigizaji hajachaguliwa, adui hana jina,
umetangulizwa mkono
kama mtu anavyoweka kofia juu ya kiti:
pana mwenyewe, anakuja.

Nimeyawaza haya nikikwangua bazoka chini ya viti.
Kwamba ushindi haupewi hata usiku mmoja wa kulala.
Kwamba tunalipa tiketi tuone uovu ukifa,
kisha tunabaki vitini kuhakikisha umefufuka.
Stelingi hafi, husemwa.
Sawa. Lakini adui ndiye anayelipa kodi ya nyumba.

Kisha Bi Huguette Desaulniers.
Safu ya nne, Jumanne, saa nane mchana, bei ya wazee.
Mara ya kwanza nilidhani amesinzia.
Mara ya sita nikamuuliza kama anahitaji msaada.
Hakugeuka.
"Ngoja," alisema, "bado hajapita."

Akapita.
Noémie Desaulniers, safu ya tatu ya majina,
katikati ya mia nne wasiojuana,
nusu sekunde, pengine pungufu.
Mama akanyanyua kidevu kidogo,
kama unavyomsalimu jirani aliye ng'ambo ya barabara.

Kisha barafu, kisha ule mkono,
naye akaanza kusema, si kwangu hasa:
"Miezi minane aliutengeneza huo.
Ngozi, mishipa, baridi ya kwenye kucha.
Alikosa mkono wa kuuiga,
akaja nyumbani akanipiga picha namenya viazi."
Akauinua kwenye mwanga wa skrini.
Kidole cha mwisho. Mlango wa gari,
mwaka wa sabini na nane.

Sikujua niseme nini.
Nikasema, "Unatisha."
Akacheka hadi akakohoa.

Kampuni ilifungwa kabla theluji haijayeyuka.
Noémie sasa anauza miwani Sherbrooke.
Sehemu ya pili ikaja, miaka mitatu baadaye,
na adui mwingine, wa angani, mwenye ndege weusi;
wa barafuni hakutajwa.
Vijana waliulizana juma moja, wakasahau.
Kofia ilibaki kitini.

Bi Huguette alikuja hiyo nayo. Jumanne, saa nane.
Akasoma majina yote hadi la mwisho kabisa,
akatazama kipande cha mwisho (jicho, safari hii,
jicho la nani, atajua nani)
na taa zilipowaka hakuinuka.

Nilifagia safu zote nikairuka ya nne.
Nje mto Saint-Maurice ulikuwa umeganda tangu Krismasi.
Alikuwa akivaa glavu, ya kulia,
ile aliyoishona upya ifuate upindo wa kidole,
akiisukuma taratibu, kimoja kimoja,
kisha akafumba mkono, kujaribu,
ikawa ngumi.