Mkono wa Mwalimu Andama

Ameshuka na hasira yake, mlango hakuufunga.
"Matairi manne, Januari. Leo Agosti.
Umeniuzia maboga, mama?"

Sikumjibu. Hapa Oli tunajibu kwa jeki.
Swadiki akainua gari,
nami nikachuchumaa, nikalisoma tairi
kama yeye anavyosoma daftari la mtoto mtoro.

La nyuma kwanza: katikati kipara,
pembeni nywele bado. Geji ikasema arobaini na nane.
"Nani kakujazia?"
"Mimi. Nikibeba mihogo kutoka Vurra naongeza.
Nilidhani upepo ni akiba."

Akiba! Tairi lililovimbiwa
hukanyaga barabara kwa kitovu.
Na lenye njaa hukanyaga kwa mabega yote mawili,
huchemka, hukuachia Nebbi saa sita mchana
huna hata mti wa kuegemea.
Nikapunguza. Fyuuu.
Pesa zake zikatoka zinanuka mpira.

La mbele ndilo lililotunyamazisha.
Ukingo wa ndani umeliwa hadi nyuzi,
wa nje ungali na vinyweleo vya kiwandani.
"Lete kiganja. Pitisha, kutoka ndani kwenda nje."
Laini, mgongo wa paka.
"Sasa rudisha."
Akarudisha, akauvuta mkono haraka.
Msumeno.

"Hili halibingiriki, mwalimu. Linaburutwa.
Gari linakwenda kwake, lenyewe linataka kwake,
kila kilomita ni ugomvi, na mpira ndio unaolipa.
Uligonga nini?"

Kimya. Kisha: shimo,
karibu na daraja la Pakwach, usiku, mwezi wa tatu.
Hakumwambia hata mkewe,
maana gari ni la mkewe.
Tangu hapo linavuta kushoto, kidogo tu,
naye hulirudisha kulia, kidogo tu,
hadi akasahau kwamba analirudisha.

Nikatazama bega lake la kulia lilivyopanda.
"Na hilo?"
"Baridi yabisi. Kuluva wamenipa dawa ya kuchua."

Nilicheka hadi Swadiki akadondosha spana.

Tai rodi ilikuwa imepinda. Tukabadilisha.
Tukavuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele,
uzi ule ule wa marehemu baba, wenye mafundo,
tukapima kwa rula ya shule
aliyoitoa mwenyewe mfukoni:
milimita tatu, legeza, mbili, kaza,
hapo, hapo, usiguse.
Usukani ukakaa katikati bila kushikwa.

Akalipa nusu. Nusu nyingine mwisho wa mwezi,
ule mwezi wa walimu usio na tarehe.

Nikasimama kumtazama akishika njia ya Ediofe.
Mita hamsini, gari likaanza kwenda kulia,
likavuka mstari, bodaboda wakamtukana kwa lugha tatu,
akalirudisha.
Likaenda tena kulia.

Gari limenyooka.
Mkono bado.