Ukuta wa Mama Nyemo

"Mbukwa," akasema, injini hajazima.
Noah ya kijivu, vumbi la Bahi hadi madirishani,
na mbele taa za zenoni alizofungiwa Kariakoo,
weupe wa kuelekea ubuluu, kama maziwa yaliyotiwa maji.
"Ya kushoto inawaka, inatetemeka, inakufa.
Ya kulia haina neno."
Chilewa hajawahi kukosea mbele za watu.
Nikanyamaza, nikafungua boneti.

Kwanza hamisha. Usinunue kitu kabla ya kuhamisha.
Balbu ya kulia nikaitia kushoto,
nimeishika kwa kitambaa kama yai la kanga.
Ikatetemeka, ikafa. Basi balbu haina kosa.
Balasti nayo nikaivusha upande: vilevile.
Ukabaki waya.
Nikaufuata kwa vidole hadi chini ya betri,
pale ulipofungwa kwenye bodi, juu ya rangi na kutu,
skrubu moja, imelegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikacheka.
Tak. Ikawaka. Ikatulia.

Chilewa akatia mkono mfukoni, atoe hela.
Nikamwambia bado.

Nzuguni tambarare si nyingi,
ila mbele ya mashine ya kusaga ya Mama Nyemo
maji ya mvua husimama yasijue pa kwenda,
na ukuta wake umenyooka kuliko maneno yetu.
Tukajaza matairi upepo. Ndahani akavuta tepu, mita saba na nusu,
akapima toka ardhini hadi katikati ya balbu,
akachora kimo hicho ukutani kwa chaki,
na mstari mwingine chini yake, vidole vinne.

Giza likaingia. Tukawasha.
Makengeza matupu!
Jicho moja linatazama paa, njiwa wakaruka;
jingine linatafuta sarafu mtaroni.
Na mwanga wenyewe hauna ukingo, umemwagika,
maana kikombe cha taa kiliumbiwa moto mwingine.
"Lakini naona mbali," Chilewa akasema.

"Sawa. Nenda kasimame ukutani.
Inama kidogo, uwe kimo cha dereva wa kigari kidogo."
Akaenda, mkono bado mfukoni.
Nikawasha.

Mkono ukatoka. Yote miwili ikapanda usoni.
Kivuli chake kikawa kikubwa kuliko mashine,
naye katikati yake, mdogo, anapapasa hewa.
"Mko wapi?"
Hatua kumi tu, Chilewa.
Hata Ndahani, anayecheka mpaka misibani, hakucheka.

"Shusha," akasema.

Bisibisi, robo duara, robo duara,
mpaka mwanga ukakaa chini ya chaki.
Hapo ndipo nikakumbuka kuuliza, aibu yangu:
"Nyuma huwa unabeba nini?"
"Alizeti, toka Kongwa. Magunia sita. Usiku."
Mama Nyemo akatuazima mahindi ya watu,
tukapakia sita. Nyuma ikaketi, pua ikainuka,
na kazi yote ikarudi juu darini kwa njiwa.
Nikaanza upya, jasho hadi kwenye soksi.

Nilimwambia arudishe taa za kiwandani.
Akasema atafikiria, yaani hapana.
Alilipa pungufu ya elfu tano.
Ila alipoondoka aliondoka polepole,
na mwanga ukatangulia barabarani, umeshika magoti ya wapita njia,
haukupanda.

Asubuhi nikaja na ndoo kuosha chaki.
Mama Nyemo akanizuia kwa ufagio.
Mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa amesimama hapo,
mgongo ukutani, anataka kupimwa urefu.
Mstari wa chini ulimgusa kidevuni.
Macho yalikuwa juu yake, wazi,
yananitazama bila kupepesa.