Shibiri Moja

Sanduku limefika Mabela saa saba mchana, mwezi wa Julai.
Dereva wa vifurushi hakutaka hata maji,
kanitaka sahihi ya kidole juu ya kioo kinachounguza,
kaondoka.
Forodhani waliuliza: ni nini hiki?
Nikasema, mishipa.
Wakanitazama kama msafirisha maiti.

Ndani, nyaya mia mbili na kumi na sita,
nyeupe zote, nyembamba kama tambi za Idi,
zimesukwa, zimefungwa uzi wa nta kila vidole vinne,
na kila ncha ina jina lake:
redio, taa ya bawa, joto la oili, dira.
Chini kabisa, karatasi: Imejaribiwa. Na herufi mbili,
R. T.
Simjui R. T. Alikaa meza gani, nchi gani,
akinywa nini, aliposuka shingo ya ndege yangu?

Miaka sita nasema "yangu".
Ribiti elfu kumi na moja kwa mkono huu.
Majirani wamechoka kulalamika, sasa wanauliza tu: bado?
Bawa la kushoto limesimama sebuleni nyuma ya makochi,
wageni wanaliegemea wakinywa kahawa.
Na mimi, fundi simu wa miaka ishirini na minane,
niliyelehemu juu ya nguzo za Rustaq
upepo wa moto ukinizaba makofi,
leo nanunua mishipa iliyokwisha kusukwa,
kama mwanamke anayenunua mandazi dukani
akayapanga kwenye sahani yake.

Nilimwambia Zuweina hivyo.
Alikuwa akitafuta chaja yake kati ya vyuma vyangu.
"Hiyo kanzu," akasema, "pamba ulipanda wewe?"
Akaipata chaja, akaenda zake.

Usiku nikaifikiria falaji ya kwa mjomba, Samail:
maji yanatoka mbali, chini ya mlima,
yanafika penye njia panda ya mawe, kitambaa kinachomolewa,
nusu saa kwa mitende ya huyu, robo kwa ndimu za yule.
Hakuna aliye hai aliyeichimba.
Na sijasikia mtu akisema, tende hizi si zangu.
Hoja nzuri.
Haikunipa usingizi.

Asubuhi nikalala chali chini ya dashibodi,
miguu nje, kama mtu aliyemezwa na chewa.
Plagi ya kwanza: tak. Ya pili: tak.
Hakuna moshi wa lehemu, hakuna kidole kilichoungua.
Nilikaribia kuona uchungu.

Mpaka waya wa redio.
Mwaka juzi niliisogeza redio kulia
kwa ajili ya goti langu bovu, lile nililoanguka nalo Rustaq,
lisilokubali kukunjwa chini yake.
R. T. hakuambiwa habari za goti.
Ndege aliyoisukia ipo kwenye karatasi,
rubani wake ana magoti mawili mazima.
Waya ukaja, ukanyooka, ukakoma
shibiri moja kabla ya tundu.

Nikacheka peke yangu mle ndani.
Nikalifuata koleo langu la zamani,
mpini umeliwa na jasho.
Kila waya nikauvua ganda, nikauunga, nikauvika mpira,
nikaupulizia moto mpaka mpira ukakumbatia.
Nyaya tano. Saa tatu.
Viungo vyangu vimevimba kidogo, havipendezi,
vinaonekana wazi katika weupe wa mwenzangu.
Juu ya kibandiko nikaandika kwa wino: M. K.

Betri. Swichi.
Skrini ikawaka, ikauliza lugha gani.
Zilikuwamo kumi na nne; hii yetu haimo.
Nikabonyeza mojawapo.
Kisha redio ikakohoa, na sauti ya mnara wa Maskati
ikamruhusu mtu atokaye Salala
ashuke mpaka futi elfu nne.

Zuweina alisimama mlangoni na kikombe.
"Nani huyo?"
"Sijui. Nyamaza kwanza."
Tukamsikiliza mpaka akatua,
bawa langu la kushoto likiwa sebuleni,
na shemeji kaliegemea.