Kichuguu cha Usoke

Baba alinifundisha kusikiliza kwa shavu.
Aliifuta reli umande kwa mkono wa koti la kazi:
"Laza uso hapa. Garimoshi halianzi na honi."
Kwanza hakuna kitu. Kisha unywele mmoja wa mtetemo,
kisha taa, mbali, upande wa Tabora,
na honi ikaja mwisho, imechoka.

Leo nimesimama juu ya kichuguu
nyuma ya bani la tumbaku;
hapa tu ndipo mtandao unapofika.
Ujumbe una mistari minne:
nyota mbili mfu, kila moja nzito kuliko jua,
upana wake mwendo wa baiskeli wa saa mbili,
zimezungukana hadi zikagongana.
Mtetemo umeshapita. Umepita ndani yetu sote,
ndani ya mbuzi, ndani ya chai,
na hakuna kikombe kilichocheza.
Sekunde mbili nyuma yake, mwako wa gama.
Darubini zinageuzwa sasa hivi.

Mama anauliza zinaitwaje.
Zina namba tu, namwambia.
Anasonya. "Mapacha wasio na majina?
Kulwa na Doto," anasema, macho kwenye kunde,
nami nanyamaza, maana majina hayo
yana makaburi mawili mafupi chini ya mninga,
na mimi ndiye niliyewafuata,
nikapewa jina la anayefuata.

Usiku wa kwanza waliona buluu.
Usiku wa nne, wekundu wa kaa
linaloanza kufunikwa na jivu.
Wiki ya pili, giza.
"Basi, zimekwisha."
Bado redio, mama.
Anaitazama yake juu ya kabati, ile ya betri nne,
anainuka, anaigeuzia antena dirishani.
Sicheki. Namweleza: vilivyorushwa na kile kishindo
bado vinakwenda, vinaparuza gesi nyembamba huko nje,
na mparuzo huo ndio sauti.
Huchelewa.
"Kama honi," anasema.
Sikujua kwamba naye aliwahi kulaza shavu.

Siku ya kumi na saba, asubuhi,
napanda kichuguu na kandambili zake.
Mstari mmoja: *Ipo. Hafifu, lakini ipo.*

Narudi bila kujua nianzie wapi.
Yeye yuko mlangoni, ungo kiunoni.
"Wamemsikia Shija?"