Mizani

Miaka thelathini na miwili nilihesabu silabi
kwa chaki, Nakuru, shule ya bati jekundu:
nane ukwapi, nane utao,
na aliyezidisha nilimkata alama.
Kisha nikastaafu,
nikanunua lori lililochoka kubeba mikate,
nikalitia dirisha, jiko, kitanda, pazia la Jerusa,
nikaliita nyumba.

Siku ya kwanza hatukufika hata Salgaa.
Pale Ngata tangi la mafuta lilitupita
na upepo wake ukatutikisa kama jino bovu.
Usukani mwepesi, mwepesi wa kutisha,
kana kwamba magurudumu ya mbele
yanagusa lami kwa adabu tu.
Jerusa hakusema kitu. Alishika sufuria.
Nikarudi mjini kwa mwendo wa bibi arusi.

Shabab, nyuma ya kituo cha petroli,
fundi wa tairi akatoka uvunguni mwa trela,
mikono myeusi hadi viwikoni.
"Mwalimu Ambani! Ni mimi, Chelagat.
Ulinipa thelathini na moja kwa mia.
Ushairi ndio ulioniangusha."
Nikakohoa. Akalizunguka gari,
akainama, akachungulia springi,
akasema bila kucheka:
"Hii nyumba yako haina mizani."

Tulikwenda kwenye mizani ya bohari la mahindi,
tukapima gurudumu moja moja.
"Jumla ni kama wastani wa darasa," alisema,
"hupendeza, na huku mmoja nyuma anazama."
Nyuma kushoto kulizidi kulia
kwa kilo mia mbili na kumi.
Nilijua ni nini.
Daftari. Insha za miaka yote,
katoni kumi na tisa juu ya kabati,
huko nyuma kabisa, kupita ekseli,
na chini yake tangi la maji limejaa pomoni.

"Kizito kikae chini, karibu na ekseli.
Maji nusu; Kericho hawajapungukiwa maji.
Na upepo, usiniambie uliujaza saa saba mchana
hadi namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi.
Hiyo ni dari, Mwalimu. Nani hulala darini?
Tutajaza kwa kufuata uzito. Njoo alfajiri,
tairi zikiwa baridi,
kabla hazijakimbia zikaidanganya geji."

Alfajiri, Menengai bado imejifunika ukungu,
nilizibwaga katoni kwa muuza karanga.
Kibwagizo nilikifundisha maisha yangu yote
bila kusikia kitenzi kilichomo ndani yake.
Daftari moja tu nilibaki nalo, la Chelagat.
Nililiweka mbele, palipohitaji uzito.

Tukapanda Mau pole, usukani umeshika,
Lori lilipita mbele, wala sikutetemeka,
Kericho na chai tele, Jerusa akaridhika,
Nane huku, nane kule, gari likasawazika.

Tambarare ya Ahero joto lilikuwa la tanuri.
Geji ilipanda, mkono ukaniwasha kupunguza upepo,
nikaukanya: moto ni wa safari,
utashuka wenyewe usiku.
Nikafungua daftari kivulini mwa gari.
Mshororo wa tatu, silabi tisa,
wino wangu mwekundu umeuzungushia duara.
Ulikuwa unamhusu baba yake
akisukuma trekta tupu kupanda mlima.
Sijui ningetoa neno gani.

Jerusa akarudi na gunia la mchele.
"Niliweke wapi?"
"Kulia. Chini. Karibu na ekseli."
Akaliweka kushoto, kando ya mto wake.

Kwa hiyo tulipita Kisumu, tukapanda Kiboswa,
tukaingia Chavakali jioni,
nyumba imeinama kidogo, kidogo tu,
silabi moja ya ziada.
Nikaiacha.