Kistari

Jina langu lina mshono katikati.
Ange, maana yake malaika.
Goulven, mtakatifu wa kanisa dogo linalonuka mishumaa
hapa Plouvern, ambako mvua haipigi hodi.
Baina yao kimelala kistari,
kifupi kama ukucha wa mtoto.

Mwaka wa ishirini na tisa, mke wa Kerdraon
alizika mwana Januari, akazaa mwingine Desemba.
Akataka Ange,
ili kifo kikija kikute jina limeshafika mbinguni,
kidhani kazi imekwisha.
Mumewe akataka Goulven,
jina la kaka aliyebaki kwenye matope ya vita,
ambaye hata kifungo cha koti hakikurudi.
Walibishana kilomita tatu nzima,
wakafika ofisi ya meya wamenuniana.

Karani Quéméneur alikuwa na njaa.
Akaandika la mama, akaandika la baba,
akavuta kistari katikati
kama mtu atengaye majogoo wawili kwa ufito.
“Haya, nendeni mkamnyonyeshe.”

Shangazi Maï anakataa.
Anasema hakikuwa kistari, kalamu ilivuja.
Nimeuona ukurasa wenyewe.
Wino wa zamani hausemi kama ulikusudia.

Miaka ishirini na mitatu Kerdraon alikuwa peke yake nalo.
Kisha, Mei ya hamsini na tatu, mbio za baiskeli:
gurudumu limepinda, kaptura imeraruka tako moja,
akaingia wa kwanza uwanja wa kanisa
akakabidhiwa nguruwe hai.
Redio ya mkoa ikalitamka jina lote kwa pumzi moja.

Mwaka ule wavulana kumi na mmoja tulibatizwa kwalo.
Mimi wa saba.
Baba hakuwa hata na baiskeli.
Mama alisema: lilikuwa likipita dirishani, nikalidaka.

Darasani tulikuwa wanne.
Mwalimu akatupa namba, kama ng'ombe wa mnadani.
Akiita Ange-Goulven wa Tatu kwa kosa la Ange-Goulven wa Kwanza,
tulichapwa wote, kwa usawa,
na sijawahi tena kuwa na ndugu wengi kiasi kile.

Mwaka uliofuata, sita. Kisha wawili.
Kisha Kerdraon akashindwa huko Quimper,
akafungua duka la misumari, akanenepa,
na jina likanenepa naye.
Wakaja akina Thierry. Wakaja akina Kévin.
Na daftari la serikali lina ukatili wake wa adabu:
jina likipungukiwa na watu halitajwi,
linatiwa kwenye kapu moja, “majina adimu”,
pamoja na ya wageni, na yaliyokosewa herufi,
na ya watoto ambao baba zao walikuwa wamelewa.
Sikuona vibaya. Kapuni mna watu wa maana.

Wajina wangu mmoja alikuwa mchinja nyama Landivisiau.
Kila Desemba tulitumiana kadi,
kila mtu akiandika jina lake mwenyewe juu ya bahasha,
na kulitia sahihi tena ndani.
Tarishi alidhani nina wazimu wa kujisalimu.

Mwaka huu kadi haikuja.
Alikuja binti yake, na mfuko wa kadi zangu zote,
zimefungwa kwa uzi wa soseji.
“Baba alisema umebaki wewe.”
Nilimkaribisha sharubati ya tufaa. Hatukuwa na la kuongeza.

Juzi nilikwenda hospitali kwa ajili ya goti.
Kompyuta yao haikubali kistari.
Nesi, msichana mwenye haraka, akachungulia karatasi:
“Ange?”
Nikainua mkono.
“Goulven?”
Nikauinua uleule.
Akatazama viti, vyote vitupu, kasoro changu.
“Mwenzio yuko wapi, babu?”

Nilitaka kumweleza habari za ufito, na nguruwe, na uzi wa soseji.
Badala yake nikajisogeza kidogo kwenye benchi,
nikamwachia nafasi.