Boliti Arobaini na Tatu

Nimezitandaza kwenye sinia la maua mekundu
lililobanduka rangi:
boliti arobaini na tatu, nati arobaini na moja.
Mbili sijui zilidondokea wapi
kati ya Bahi na hapa Nkuhungu.

Pikipiki hii ilibeba chumvi miaka tisa,
magunia mawili nyuma, nusu gunia juu ya tangi,
na chumvi haina shukrani kwa anayeibeba.
Ilivuja punje kwa punje, ikangoja umande,
ikaanza kula.
Vichwa vya boliti vikavimba kama maandazi.
Spana kumi na mbili ikakataa kuingia,
kumi na tatu ikateleza, ikanichuna kidole.

"Kanunue mpya," Mlewa wa duka la spea akasema,
"mia tatu, mia tatu. Unahangaikia nini, shemeji?"
Mpya nazijua. Ukikaza kidogo zinalia,
ukikaza tena zinakatika shingo.
Hizi za zamani zina namba kichwani, nane nukta nane:
chuma kilichokwenda shule.

Kwanza ukwaju. Usiku mzima ndani ya ndoo;
asubuhi maji meusi, na kutu imelegea.
Kisha brashi ya waya, kisha majivu, kisha maji,
na baada ya hapo mkono usiguse.
Hata mafuta ya kidole kimoja tu,
zinki inasusa.

Zinki yenyewe nimeichuna kwenye betri za redio,
vikombe vyake nimevisugua mpaka nikaona pua yangu.
Siki ni mvinyo wa Sechelela:
zabibu za Mpunguzi, pipa zima limechacha.
Alilia siku mbili.
Ya tatu akaniuzia lita kumi kwa bei ya maji.
Sukari, vijiko viwili.
Na chumvi.
Ndiyo, chumvi. Ya Bahi, ileile.
Nikasita, kijiko hewani.
Ndahani, mkongojo mapajani, akacheka pale mlangoni:
"Itie tu. Mwizi ndiye anayejua mlango ulipo."

Waya wa hasi kwa boliti, wa chanya kwa zinki,
chaja ya simu niliyoikata kichwa.
Vipovu vikaanza kupanda, vyembamba,
kimojakimoja.
Umeme ukizidi, boliti inatoka nyeusi kama masizi,
unaipangusa kwa kucha, inapukutika.
Niliunguza ya kwanza.
Niliunguza ya pili.
Ya tatu nikaipa muda wake, nikaigeuza kila dakika tano,
maana zinki ni kama jua la hapa:
hupiga upande unaoitazama.

Ya kumi na nane ikiwa majini, luku ikaisha.
Ikatoka nusu fedha, nusu chuma kitupu.
Ningeweza kuirudia kesho yake.
Sikuirudia. Hiyo itakaa chini ya kifuniko cha mnyororo,
nataka nijue chumvi itaanzia wapi.

Jioni Ndahani akaomba ashike moja.
Nyonga yake haijakubali tangu Machi,
lakini vidole vyake bado ni vya fundi.
Akaizungusha polepole chini ya dole gumba,
akitafuta kovu alilolitia mwenyewe
usiku ule wa Kigwe, mvua, gurudumu limelala,
akikaza kwa hasira na spana isiyo yake.
Akalipata. Zinki imelivika tu, haikulifuta.
Akanyamaza nalo kitambo.

"Nani ataendesha?" akauliza,
macho bado kwenye boliti.

Nikampa nati.
"Hebu jaribu kama inaingia."

Ikaingia kwa vidole vitupu,
mzunguko, mzunguko,
mpaka wa sita.